Juu ni Wapi?

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya kawaida, jua limetulia, na mkaza mwanangu alitoka nyumbani amenuna kwa sababu nilimwambia chai yake ni maji ya kusuuzia vikombe. Kazini wanamwita Kipimo. Mwanamke yule hupima hata chumvi kwa rula, na kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Sifa hiyo aliijua, na aliivaa kama hereni.

Kazi yao iko hivi. Kisiwa chetu cha volkano kina ubavu mrefu usioonekana, unaoteremka chini ya maji hadi kilindini, na ubavu huo ni majivu na mawe yaliyorundikana tu. Siku ukichoka unaporomoka, na bahari yote inasukumwa. Basi wataalamu huteremsha mabomba marefu ya plastiki kutoka melini, yanajichoma kwenye matope ya sakafu ya bahari, kisha yanavutwa yakiwa yamejaa. Kipimo huyapasua na kuyasoma matabaka. Poromoko likitua, kokoto hutangulia kukaa chini, vumbi laini hufuata juu yake. Baadaye matope ya kawaida hulifunika polepole, mwaka kwa mwaka. Funiko likiwa nene, poromoko ni la kale. Lisipokuwepo, ni la jana.

Ndiyo maana kila bomba huchorwa mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Ukikosea mshale, umekosea yote.

Asubuhi hiyo boti ilileta maabara bomba moja kutoka melini. Mumewe, yaani mwanangu mimi, ndiye fundi wa winchi kule, mashine ya kuvutia mabomba, na ndiye aliyelivuta. Kipimo aliliosha kwa nje, wino wa mshale ukaondoka na maji. Papo hapo simu ikalia.

"Mama ameamkaje?" mume akauliza.

"Mama yako? Anataka chai iliyochemshwa na malaika."

Wakacheka. Huku anacheka, akauchora mshale upya, kwa kukumbuka.

Akalipitisha bomba kwenye mashine ya picha. Matope mazito juu, poromoko chini yake. La kale hilo. Akaandika kwamba ubavu umetulia, meli isogee karibu ikatege vyombo vya kusikilizia. Mkuu wa maabara akaupeleka ujumbe bila kuuliza. Angeulizaje, na aliyeandika ni Kipimo?

Saa nane mchana aliingia chumba cha baridi ili alipasue bomba lile. Alikuwa peke yake. Akaliweka mezani, akainama kutafuta msumeno.

"Juu ni wapi?"

Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu mwenye kinywa kilichojaa. Akadhani ni mkuu. Wala hakugeuka.

"Kwenye mshale, mkuu. Kama siku zote."

Kisha kitu kikaanza kukwaruza. Polepole. Ndani ya bomba. Kikaufuata mshale, shibiri kwa shibiri, hadi mwisho wa plastiki. Kikagonga kifuniko mara tatu.

"Huku ni chini," sauti ikanong'ona. "Umenituma chini."

Aligeuka. Chumbani hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umefungwa.

Mwingine angekimbia, hata mimi ningekimbia na miguu yangu hii. Yeye neno lile lilimchoma mahali pengine. Huku ni chini. Akamwona akilini mumewe juu ya meli, na chini ya meli ule ubavu. Akashika msumeno. Plastiki ikafunguka.

Kokoto zilikuwa juu ya vumbi.

Kokoto. Juu.

Na kati ya matabaka ilipita mistari mitano, sambamba, kama ya vidole, kuelekea mshale.

"Juu ni wapi?"

"Nisamehe," akasema. "Niligeuza. Juu ni huku, nilipo mimi."

Hakusubiri jibu. Alipanda ngazi mbili mbili mpaka kwa mkuu.

"Iondoeni meli. Na watu wa mtaa wa chini, ule wa ufukweni, wapande kilimani."

"Kwa kipimo gani?"

"Nimegeuza bomba, mkuu."

"Wewe?"

"Mimi. Poromoko ni la jana. Ubavu bado unakwenda."

Mkuu alimtazama kama anayemwona leo, kisha akainua redio.

Ubavu uliporomoka dakika arobaini baadaye. Meli ilikuwa imekwisha kufika maji ya kina, mwanangu anasema waliusikia kama kwikwi tu. Mtaa wa chini ulijaa maji, lakini ulikuwa mtupu. Maabara maji yaliingia hadi magotini, meza hazikuguswa. Waliporudi chumba cha baridi, vipande viwili vya bomba vilikuwa pale pale mezani. Vitupu. Vikavu. Safi kama vilivyorambwa.

Mwanangu alirudi nyumbani Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilisikia mkaza mwanangu akiniita kwa sauti ndogo, ambayo si yake. Alikuwa amepiga magoti ukumbini. Sakafuni kulikuwa na mistari mitano ya matope meusi, kutoka chumbani kwao.

"Mmemwaga nini tena?" nikamuuliza.

"Mama, nyamaza kidogo." Alikuwa anayasugua matope kwa kidole, anasogea, anasugua tena. "Kizito hutangulia kuanguka. Kokoto ziko chini ya kitanda, upande wangu. Ndiko kilikoanzia."

"Na kimeishia wapi?"

Alifuata vumbi, likizidi kulainika, likapita meza, likapita jiko, mpaka likawa kama poda. Akasimama kwenye kizingiti cha chumba changu.

Tumepiga deki mara nne. Yale matope hayakauki.

Aliniuliza kama kuna lolote nililolisikia, nikamwambia mimi nikilala ni gogo. Sikumwambia kwamba jana yake, jua bado linawaka, nikiwa nimeipa kisogo sebule nakuna kichwa changu, kuna mtu aliniuliza nyuma yangu, kwa sauti ya chini, juu ni wapi. Nilidhani ni yeye na vipimo vyake. Bila hata kugeuka, nikamwonyesha kwa kidole kile kile, utosini pangu.