Usiwashe Taa Kwanza

Kitu cha kwanza alichokiona Mbeyu ni ile taa ya ukumbini. Ilififia kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, kisha simu yake ikaita.

"Nishavuka," Kiti akasema. Nyuma yake mto ulinguruma.

"Umelowa?"

"Hadi magoti. Ningechelewa ningelowa hadi kofia, na simu imo ndani ya kofia."

"Usicheke, Kiti."

Kijijini kwao mtandao ulianzia ukingo wa ng'ambo. Kiti alivuka kila jioni ampigie, akalala kwa binamu yake Kingi, akarudi asubuhi. Lakini tangu bwawa la umeme lijengwe huko juu, mto haukungoja mvua tena. Mchana maji yalizuiwa, samaki wakatweta mchangani. Jioni, miji ikiwasha taa, maji yalifunguliwa, mto ukapanda chini ya anga kavu. Jioni moja Mbodze, jirani yao, alikuwa akifua. Walikuta beseni lake likizunguka peke yake katikati ya mto, nguo zingali ndani.

"Nipe jibu langu, nisivuke tena," Kiti akasema. "Ukinikubali, nakuja Mombasa nitafute kazi. Ukinikataa, nitalala mapema."

Mbeyu aliona haya. "Kesho," akasema, kama alivyosema jana.

Tangu siku hiyo akawa hawashi taa mpaka Kiti apige. Nyumba ya Bi Mehrunnisa alikofanya kazi, huko Mji wa Kale, ikawa yakaa gizani kila magharibi. Na katika giza lile Mbeyu alisikia maji yakipita ndani ya ukuta usio na bomba.

"Mbeyu, sisi ni popo?" Bi Mehrunnisa aliuliza.

"Bado kidogo, mama."

Umaima, binti wa nyumba, akacheka. "Mwache, mama. Mchumba wake hapendi mwangaza. Huenda hana pua."

Hata Kiti alimcheka. "Unazima nyumba moja, na Mombasa nzima inawaka? Mto haukujui wewe."

Siku ya posa ya Umaima, wageni walijaa hadi ngazini. Umaima akanyoosha mkono ukutani.

"Usiwashe kwanza," Mbeyu akasema.

"Leo siposwi gizani, dada."

Akawasha. Ukumbi, roshani, taa za rangi mpaka nje mtaani. Zote zikafifia pamoja, zikarudi. Simu haikuita. Jikoni bomba likakohoa, likatema maji mekundu yenye harufu ya matope ya kwao.

Ndipo simu ikaita.

"Kiti?"

Maji. Maji tu, karibu na sikio, kana kwamba mto wenyewe umeshika simu.

"Kiti, uko wapi?"

Kitu kikagonga mahali, kama bati. Kama beseni. Kisha sauti, mbali sana.

"Nimeshika mkuyu wa ng'ambo. Kingi analeta kamba. Mikono imekufa ganzi, Mbeyu. Sema chochote nisiachie."

Mbeyu hakuwahi kuinua sauti mbele ya wageni. Alisimama katikati ya ukumbi, Bi Mehrunnisa akimtazama na birika mkononi, akasema. Alisema huku maji yakimjibu, mpaka yakanyamaza.

"Shemeji?" Alikuwa Kingi, akihema. "Tumemtoa. Anatetemeka tu. Anauliza ulisema nini, maji yalimziba masikio."

Wageni wote walikuwa wakimwangalia. Taa zote zilikuwa zinawaka.

"Mwambie nimekubali," Mbeyu akasema. "Mwambie nampenda tangu kabla ya bwawa."