Nondo Nyuma ya Studio

Mlio ulianza Jumatatu, mwembamba, vuuu, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Ulitoka kwenye spika za kompyuta ambayo Luhende na mkewe Klementina walirekodia kwaya pale Bariadi, miaka ile ya soko huria, kila mwenye chumba na umeme alipofungua biashara.

Luhende alikuwa fundi wa kujifundisha mwenyewe, tena mbishi. Kompyuta aliiwekea mfumo wa Linux kwa kuogopa virusi, akajisifu mtaa mzima. Sasa akazima maikrofoni kwenye programu ya sauti, mlio ukabaki. Akabadilisha nyaya, akahamisha plagi, mlio ukabaki. Alipogusa kasha la kompyuta kwa kiganja, ukapungua.

"Nyumba haina waya wa kushusha umeme ardhini," akasema.

Kiwanja walikinunua mwaka uliotangulia. Kuuliza si ujinga, lakini Luhende hakumuuliza mtu palikuwa na nini zamani. Alichukua nondo, akaigongelea uani. Katikati ikakwama. Akapiga nyundo kwa hasira hadi kitu kikaachia huko chini, kisha akaunga waya, na mlio ukakatika.

"Umeona?" akacheka.

Klementina hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi saba, baada ya mbili kuharibika, na kila kishindo cha nyundo alikisikia tumboni.

Kesho yake asubuhi alikuwa peke yake studio akifuta vumbi. Alisikia harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe, ingawa mtaa ule haukuwa na hata ndama. Nyuma yake mtu akakohoa, kikohozi kikavu cha mzee.

"Mwangaluka, mayu."

Kwa Msukuma salamu ya asubuhi ya mzee haiachwi hivi hivi. Klementina akapiga goti kabla hajageuka. "Mwangaluka, baba."

Mlangoni hapakuwa na mtu, wala uani hapakuwa na mtu, na kile kikohozi kikaja tena kutoka kwenye spika, karibu kabisa na sikio lake, kikifuatwa na pumzi ndefu ya mtu aliyebanwa kifua, naye akaikodolea macho taa ya kompyuta iliyozimika, akakumbuka kwamba umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri.

Klementina akamsimulia mumewe juu ya kikohozi, na jioni wakamleta Bibi Nyanjige, mganga aliyekulia mtaa ule. Aliitazama nondo, akaketi chini.

"Hapa palikuwa zizi la mzee Mayige," akasema polepole. "Wazee wetu, mkuu wa kaya alizikwa zizini, kati ya ng'ombe wake. Mmemchoma kwa nondo."

Ubishi wote ukamtoka Luhende. Akaing'oa nondo, na ncha yake ilitoka imelowa, wakati udongo ulikuwa mkavu. Bibi akamwagia shimo maji ya unga wa mtama, akaomba radhi kwa Kisukuma. Kisha akamgeukia Klementina.

"Alikusalimu?"

"Ndiyo, bibi."

"Ukaitikia? Sema kweli, mjukuu wangu. Asiyeitikiwa namrudisha leo hii. Aliyeitikiwa ameshakaribishwa, huyo ana dawa nyingine."

Luhende alikuwa akimtazama. Klementina aliogopa, aliogopa mno kuambiwa kwamba hata hii ya tatu ameiharibu kwa mdomo wake mwenyewe.

"Hapana," akanong'ona.

Mlio haukurudi. Kwaya zikarekodi, Luhende akarudia majigambo yake. Miezi miwili baadaye, alfajiri, Klementina alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mzito. Mkunga alimfuta, akasita.

"Mama," akauliza kwa sauti ya chini, "hili kovu limetoka wapi?"

Lilikuwa katikati ya kifua, la duara, upana wa nondo, limepona kitambo. Nje Luhende alisikika akishangilia. Mtoto hakulia. Alifumbua macho, akamtazama mama yake kwa muda mrefu, kisha akakohoa, kikohozi kikavu cha mzee.

Klementina akamfunika kifua kwa kanga. Machozi yalimtoka, lakini kulikuwa kumekucha, na mzee alikuwa akisubiri.

"Mwangaluka, baba," akasema.