Mistari Miwili ya Rangi ya Kucha

Jumatatu asubuhi, Julai 1996, gari la Jael lilikataa kupanda mlima. Injini ilinguruma, gia zikaingia, gari likabaki pale pale. Nyuma mlikuwa na kreti za samaki wa kuuza. Alhamisi iliyopita fundi Murunga alikuwa ameing'oa giaboksi yake ya otomatiki iliyokufa na kulifungia ya gia za mkono.

Likavutwa kwa kamba hadi gereji za kituo cha Kawangware 46. Murunga hakubishana. Alivuta breki ya mkono, akatia gia ya nne, akaachilia klachi. Injini ilipaswa kuzima. Haikuzima.

"Klachi inateleza," alisema.

"Inateleza vipi na pleti ya klachi nilinunua mpya?" Jael aliuliza. "Nilikuletea kwa mkono wangu, Murunga. Ikiwa bado kwa karatasi!"

Murunga akaingia chini ya gari. Alhamisi, kabla ya kukaza propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, alikuwa amepaka mistari miwili ya rangi ya kucha ya mkewe, Immaculate, mmoja kila upande wa kiungo, ikitazamana. Propela hutolewa kila giaboksi inaposhushwa, na ikirudishwa upande usio wake, gari hutetemeka. Sasa mstari mmoja ulikuwa juu, mwingine chini.

Aliposhusha giaboksi, pleti iliyotoka ilikuwa na upara. Misumari yake ilikuwa imechomoza kama meno ya mbwa mzee.

"Yawa!" Jael alishika kichwa. "Umekula pleti yangu!"

Mukhwana, mwenyekiti wa mafundi, alibeba sanduku la spana la Murunga na kulifungia ofisini mwake. "Kikao kesho saa nne. Ukikosa la kusema, hapa unahama, na sanduku linabaki kwa huyu mama."

Sanduku lile lilikuwa na spana za miaka kumi na miwili. Bila hilo, Murunga angerudi kubeba mawe mjengoni.

Hakwenda nyumbani. Alianza na Jael mwenyewe.

"Mama, nitukane baadaye. Gari ilianza kutetemeka lini?"

"Ulijuaje ilitetemeka?"

"Lini?"

"Jumapili. Chai yote ilinimwagikia. Ijumaa ilikuwa tamu kabisa."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi ni Sabato. Mimi niko kanisani kutwa. Gari ililala hapo kwangu Mashimoni, funguo kwa Austine."

Austine, dereva wake, alikuwa akifuta kioo ambacho tayari kilikuwa kisafi. "Ilipaki tu, fundi. Haikutoka."

Opondo, aliyeuza pleti, alimcheka usoni. "Mimi niuze pleti ya zamani kwa karatasi mpya? Si wewe mwenyewe uliifunga? Ama ulifunga ukiwa umefumba macho?"

Murunga alikubali. Aliifunga kwa mikono yake na ilikuwa mpya. Basi mtu aliishusha giaboksi baada yake. Hiyo ni kazi ya nusu siku, na si ya mtu asiyejua. Na gari lilikaa bure siku moja tu.

Jumanne saa nne mafundi walikaa juu ya matairi. Shivachi, kaka wa Immaculate, alikuwa mbele. Ndiye aliyemfundisha Murunga kushika spana. Gereji zao zilipakana.

"Naomba kila mtu aseme alikuwa wapi Jumamosi," Murunga alisema.

"Wewe ndiye mshtakiwa," mmoja alitania, "sasa umekuwa jaji?"

"Mwache aulize," Mukhwana alisema.

Opondo alikuwa dukani. Watu watatu walimshuhudia. Zamu ikafika kwa Shivachi.

"Mulamwa, shemeji yangu, mimi nilikuwa kwangu Kambi Muru, nikafua ovaroli. Mchana nikapita soko hapa. Hata nilimwona huyu mama akishusha samaki, gari lake likiwa sawasawa. Kama ni pleti, iliharibika baadaye."

Jael alisimama polepole.

"Ulimwona nani?"

"Wewe, mama."

"Mimi? Nikiuza samaki siku ya Sabato? Tangu nibatizwe nikiwa msichana sijawahi hata kuwasha jiko Jumamosi!"

Shivachi, mtu wa kanisa la Friends, siku yake ya ibada ilikuwa Jumapili. Hakuwahi kumuuliza mteja anasali lini.

Murunga hakumtazama shemeji yake. Alimtazama Austine.

"Kijana, propela haijifungui."

Austine alipiga magoti mbele ya Jael. "Mathe, nisamehe. Fundi Shivachi aliniambia gari ikibadilishwa gia lazima bolti zikazwe tena, bure. Nikampelekea Kambi Muru asubuhi, nikairudisha jioni kabla utoke kanisani. Pleti sikuona, haki ya Mungu."

"Kwa nini, mulamwa?" Murunga aliuliza. "Ungeniambia una shida."

"Shida?" Shivachi alitema mate. "Nilikuokota hujui spana ya kumi na saba. Leo mteja akifika anapita mlango wangu akiuliza, 'Yule wa kugeuza gia yuko wapi?' Mbele yangu! Nilitaka siku moja tu waulize jina langu."

Mukhwana na wawili wengine walikwenda Kambi Muru. Pleti ilikuwa chini ya kitanda cha Shivachi ndani ya mfuko wa unga, mpya. Hakuwa ameiuza.

Murunga aliifunga tena siku hiyo hiyo. Aligeuza propela mpaka mistari ikatazamana, ndipo akakaza.

Gari lilipanda mlima. Samaki wote wa Jael walikuwa wameoza. Austine alipoteza kazi. Shivachi aliondolewa gereji. Immaculate alipoteza kaka, kwa maana Shivachi hakukanyaga tena kwao. Watoto wawili wa Murunga walipoteza mjomba. Na Murunga alirudishiwa sanduku lake, halikupungua hata spana moja.