Mzee Pastory Alivyofika Bukoba

Jirani yangu wa Katubuka, Oswald, ni Mhaya wa Bukoba aliyeletwa Kigoma na kazi ya ualimu. Baba yake, Mzee Pastory, alikuja kumtembelea akaugulia hapa. Kila nilipokwenda kumjulia hali alinishika mkono.

"Bonifasi mwanangu, mwambie huyu anirudishe kwangu."

"Upone kwanza, baba," Oswald alikuwa akijibu.

Hakupona.

Ukoo ukachanga, ikakodiwa ndege ndogo. Kigoma hadi Bukoba ni kama kilomita mia nne na sitini angani, mwendo wa saa moja na nusu kwa ndege ya aina ile. Asubuhi ilikuwa nyeupe. Tulipandisha jeneza, Oswald akakaa kando yake, rubani Erick akarusha ndege. Mimi nikarudi nyumbani kufua nguo.

Ya huko juu alinisimulia Oswald baadaye, tulipokuwa tukimpeleka mzee kwao kwa gari.

Walivuka Kasulu, wakavuka Kibondo. Kisha wakaingia kwenye ukungu mzito, na ndani ya ndege kukawa na baridi. Oswald akasikia mtikisiko, kama magurudumu yanapokanyaga ardhi. Halafu mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa.

Akageuka. Mlango ulikuwa umekazwa vilevile.

"Umesikia?"

"Usiniulize," Erick alinong'ona. "Sijashusha ndege."

Ukungu ukatawanyika. Mbele kulikuwa na ziwa. Oswald akashusha pumzi, maana Bukoba iko ufukweni mwa Viktoria na muda wa kufika ulikuwa umetimia. Dira ilielekea kaskazini. Jua lilikuwa bado kulia kwao, hawakuwa wamegeuka hata kidogo.

Lakini ng'ambo ya ziwa kulikuwa na milima.

Viktoria, ukiwa Bukoba, huoni milima ng'ambo. Ile ilikuwa milima ya Kongo. Chini yao ilikuwa Ujiji, palepale Kigoma walikotoka.

Nilipopigiwa simu nilifika uwanjani kwa bodaboda. Erick alikuwa amekaa chini kwenye lami, anatapika. Oswald alisimama kando ya ndege, simu mkononi, spika imewashwa. Mama yake, Mama Rozalia, akipiga kutoka Bukoba, alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Umemshusha baba yako ukaondoka hata salamu hakuna? Na mlituambia amekufa!"

"Mama. Yuko wapi?"

"Si huyu hapa sebuleni. Hasemi. Anatuangalia tu."

"Mama, tokeni humo ndani."

"Tumwache peke yake?"

"Tokeni!"

Tukasikia kiti kikiburutwa. Kisha mama akarudi kwenye simu.

"Oswald. Kiti kitupu."

Oswald akanitazama. Tulipanda ndani, tukafungua jeneza.

Mzee alikuwamo. Mikono imekunjwa kifuani, macho yamefumbwa, suti haina hata kunyanzi. Nikataka kumshukuru Mungu. Ndipo nikaona shavu lake la kushoto limevimba.

"Mana yanje," nikamwita Mungu wangu kwa Kiha.

Nilimfungua mdomo kwa kidole. Kulikuwa na buni mbili, zile kahawa za kutafuna ambazo Wahaya humpa mtu anapokaribishwa nyumbani. Moja nzima. Moja imetafunwa nusu.

Zilikuwa na mate. Na mate yalikuwa ya moto.