Mwalimu Asiyetoa Hotuba

Kila Ijumaa jioni, baada ya kula wali wa mbaazi, Yadira Colón na bibi yake walikaa kwenye kochi kutazama filamu. Bibi alipenda za mapenzi, lakini alishachoka kubishana na mjukuu wa miaka kumi na miwili aliyetaka filamu za walimu tu. Humo mambo yalikwenda vilevile kila mara. Darasa limejaa wahuni. Mmoja anachomoa kisu. Mwalimu hakimbii, anamsogelea, anamwambia maneno mawili matatu ya moyoni, kisu kinaanguka na mhuni analia. Mwisho wa mwaka wote wanafaulu.

"Huyu mwalimu hana kazi za kusahihisha?" Bibi aliuliza siku moja. "Hafui nguo?"

"Bibi, niache nisikie."

Bwana Szabo, aliyewafundisha hesabu za darasa la saba katika shule ya mji wa Lorain, hakuwa na hata chembe ya sinema. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya chini. Kila asubuhi aliwapa maswali kumi ya hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, kisha akapita kati ya madawati akisahihisha. Hakupanda juu ya meza, wala hakumwuliza mtu ndoto zake. Jambo jingine alilokazania ni zoezi la kutoka. Vurugu zikizuka, naye akisema, "Twendeni kwa Bi. Oyler," kila mtu aache alichoshika na kuingia darasa la jirani. Wanaopigana wabaki na Bwana Szabo mpaka walinzi waje. Kurudi ndani ni marufuku.

"Mwalimu wetu amesomea kukimbia," Yadira alimnong'oneza rafiki yake Kaylin, nao wakacheka mpaka wakatazamwa.

Jumanne moja ya Februari, katikati ya swali la nne, Rigo, mvulana asiyejua kufunga mdomo, alimgeukia Dalton Reese. "Kaka yako anatoka jela lini? Au ameshapazoea?"

Dalton aliruka kutoka kitini. Alimshika Rigo kisogoni akambamiza uso kwenye dawati. Akambamiza tena. Jino likaruka, damu ikatapakaa juu ya karatasi ya maswali. Rigo alijikwamua akimpiga mateke ya tumbo, wakapindua dawati, wakapindukia wenyewe, wakainuka wakirushiana ngumi za uso. Watoto wa mbele walipiga mayowe.

"Twendeni kwa Bi. Oyler," alisema Bwana Szabo, kwa sauti ileile ya kufundishia sehemu. Alisimama mlangoni akimgusa bega kila aliyepita, mpaka wote wakatoka.

Yadira naye alitoka. Lakini akiwa kwenye korido aligeuka. Dalton alikuwa ameshika kiti, Rigo amebanwa ukutani, na mwalimu amesimama hatua chache kutoka kwao, mikono wazi. "Dalton, weka kiti chini. Rigo, sogea upande wangu. Dalton, weka kiti chini." Basi. Hayo tu. Yadira alipandwa na hasira. Mtu anauawa, na huyu anaongea habari za kiti? Alichohitaji Dalton ni mtu wa kumwelewa.

"Wewe, unakwenda wapi?" Kaylin alimdaka mkono. Yadira akamponyoka, akarudi ndani mbio, akasimama kati ya wale wavulana.

"Dalton," alisema, "najua ndani yako kuna mtu mwema anayeumia."

Macho ya Dalton hayakuwa yakimwona mtu. Kiti kilikuwa kimeshainuliwa, kikashuka. Bwana Szabo aliruka, akamvuta Yadira kwa ukosi wa shati, na mguu wa chuma uliokuwa unakuja kichwani mwake ukatua kwenye mkono wa mwalimu. Mfupa ulivunjika kwa mlio wa kijiti kikavu. Ncha ya kiti ikampasua Yadira juu ya jicho. Kiti kikainuliwa tena. Safari hii mwalimu hakungoja. Alimkumba Dalton kwa bega, wakaanguka wote wawili, akamlalia pale sakafuni. Dalton alimng'ata shingoni, akamtemea mate, akapiga kelele mpaka walinzi walipofika.

Wachache waliokuwa wamerudi mlangoni kuchungulia walikuwa na simu. Walirekodi kipande cha mwisho tu: mzee mnene amemlalia mwanafunzi.

Kufika jioni mji mzima ulikuwa umekiona. Mama yake Dalton alitaka mwalimu afukuzwe. Kesho yake mwalimu mkuu, Bi. Hargrove, alimwita Yadira, aliyekuwa ameshonwa nyuzi tano.

"Niambie, binti. Ilikuwaje ukabaki ndani?"

Yadira aliingiwa na woga. Aliyerudi ndani alisimamishwa shule, hilo alilijua. "Nilikwama nyuma ya dawati," alisema. "Mwalimu hakuniona."

Uongo huo mdogo ulimwongezea Bwana Szabo kosa la pili. Alimwangusha mwanafunzi, na alimsahau mwingine kwenye hatari. Aliambiwa akae nyumbani mpaka bodi ya shule ikutane, na watu wakaanza kusema kwamba kazi hana tena. Wenzake Yadira walimpigia makofi kwenye chumba cha chakula. "Uliingia kama kwenye sinema, dada," walimwambia. Yeye alitabasamu, lakini akaisukuma sahani kando. Kaylin hakupiga makofi. Alimtazama tu, naye Yadira akakwepa macho yake.

Badala ya Bwana Szabo akaletwa Bwana Lyle, kijana mchangamfu. Alikaa juu ya meza akaning'iniza miguu. "Sahauni hesabu kidogo," alisema. "Nataka kujua mnaota kuwa nani." Yadira alifurahi, akaona sasa wamepata mwalimu.

Walimsikiliza dakika chache. Kisha mtu akarusha kifutio, mwingine akajibu kwa chupa ya maji. Wavulana wawili walikabana koo, wakaangukia kabati la vitabu, kioo kikapasuka na mmoja akachanika kiganja. Bwana Lyle akatoa hotuba. Aliongea juu ya upendo na maisha yao ya kesho, tena aliongea vizuri, lakini hakuna aliyemsikia. Mkasi ulirushwa ukamchoma Kaylin mkononi, damu ikamchuruzika mpaka kwenye vidole. Bwana Lyle aliikatiza hotuba, akarudi nyuma mpaka ubaoni.

"Twendeni kwa Bi. Oyler," alisema Yadira.

Watoto waliinuka kwa mazoea, wakatoka. Hata waliokuwa wakikabana waliachiana wakabaki wanatazamana.

Jioni ile alimweleza bibi yake yote, akilia. Bibi hakumbembeleza.

"Mkono wake umevunjika kwa ajili yako," alisema. "Sasa unataka na kazi yake iende?"

"Watanisimamisha, Bibi."

"Watakusimamisha. Kesho nakupeleka mwenyewe."

Asubuhi Yadira alisimama mbele ya Bi. Hargrove. "Mwalimu alishanitoa nje. Nilirudi mwenyewe, Kaylin ni shahidi. Kile kiti kilikuwa kinakuja kichwani mwangu. Asingemwangusha Dalton, kingekuja tena."

Alisimamishwa siku tatu. Bodi ilipokutana, Kaylin naye alieleza alichokiona, na Bwana Szabo akarudishwa kazini. Siku aliyoingia darasani, mkono umefungwa plasta, watoto walisimama wakampigia makofi. Alingoja wamalize.

"Kaeni," alisema. "Swali la kwanza."

Wakati wa mapumziko Yadira alibaki. "Nisamehe, Mwalimu. Nilikusingizia. Na nilidhani umeogopa."

"Niliogopa sana," alisema Bwana Szabo.

"Basi mbona hukumwambia Dalton kitu cha kumgusa moyo?"

Mzee alivuta kiti akaketi. "Mtu aliyepandwa na hasira kiasi kile hasikii hotuba, Yadira. Husikia maneno mafupi, tena ukiyarudia. Katika filamu mwalimu ana mwanafunzi mmoja wa kumwokoa, na aliyeandika hadithi yuko upande wake. Mimi nilikuwa na darasa zima, na nilitaka wote wafike kwao salama. Rigo pia. Dalton pia. Ulipata sifa kwa kurudi ndani, na hilo lilikuwa kosa ambalo nusura likuue. Ulipokwenda kusema kweli ukijua utaadhibiwa, hakuna aliyekupigia makofi. Lakini ujasiri ulikuwa pale. Usidanganyike na makofi."

Yadira aligusa kovu lake. "Dalton atarudi?"

"Jumatatu. Nimekuwa nikienda kwao jioni kumfundisha sehemu."

"Alikuvunja mkono."

"Na sehemu bado hazijui."

"Atakuwa amebadilika, Mwalimu?"

"Sijui," alisema Bwana Szabo, akiokota kalamu kwa mkono mzima na kuvuta rundo la karatasi za kusahihisha. "Ndiyo maana Jumatatu nitakuja kazini."