Pahali pa Susana

Kevina ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Tumelala kitanda kimoja tangu utotoni, na yaliyompata niliyaona kwa macho yangu, mchana, jua likiwaka. Nayaandika kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu yangu.

Soko la zamani hapa Arua lilikuwa jengo refu la mabati. Wachuuzi walipohamishwa, lilikaa tupu miaka mingi, popo wakaingia. Mwaka jana likageuzwa ukumbi wa michezo ya kuigiza. Wakapaka rangi, wakapanga viti. Jukwaa hawakulijenga. Walitumia lile la saruji walilokuwa wakikalia wauza samaki.

Dede, ndivyo tunavyomwita bibi yetu, aliuza angara pale, samaki wa mtoni waliokaushwa. Alinieleza desturi yao. Mwanamke akitaka kutoka kidogo, alilifunika beseni lake kichwa chini, akamwambia jirani, "Angalia pahali yangu." Jirani akijibu, "Nimeshika," basi ameshika. Haondoki mpaka mwenyewe arudi, au mwingine apokee kwa neno lile lile.

Jirani yake alikuwa Susana. Asubuhi moja Susana alifunika beseni, akapanda lori kwenda Koboko kufuata samaki. Dede akajibu, "Nimeshika." Susana hakurudi.

"Ulimngoja mpaka lini?" nilimuuliza.

"Mpaka walipotuhamisha," alisema, akainuka kwenda kufunika sufuria iliyokuwa imefunikwa tayari.

Mimi nilipata kazi ya kufagia ukumbi. Niliacha shule kidato cha pili. Nyumbani walichagua mmoja wa kuendelea, wakamchagua Kevina. Sikulia. Nilimpigia pasi sare yake kila Jumatatu.

Kisha mwalimu Acidri akaandika mchezo juu ya historia ya soko lile, na akatafuta msichana wa kuigiza muuza samaki. Niliyashika maneno yote kwa kusikia tu, huku nafagia. Siku ya kujaribiwa nilisema bila karatasi. Kevina alisoma kwenye karatasi, akakosea mara mbili. Acidri akamchagua yeye.

"Nora, usinune," Kevina alinitania njiani. "Nani atapanga viti, mimi?"

Nilicheka naye. Kisha nikatangulia mbele, asinione uso.

Sauti niliisikia wiki ile ile, nikiwa peke yangu na fagio. Sauti ya mwanamke, ya chini, kutoka kwenye saruji tupu.

"Angalia pahali yangu."

Sikujibu. Nilijua anayejibu haondoki. Nilishuka jukwaani bila kugeuka, na usiku nikamnong'oneza Kevina kitandani, "Ukisikia mtu anasema hivyo pale, jibu 'nimeshika'. Ni salamu ya waigizaji."

"Kweli?"

"Kweli."

Siku ya onyesho ilikuwa Jumamosi. Saa sita mchana walirudia mchezo mara ya mwisho. Kevina alikuwa katikati ya maneno yake aliponyamaza. Akainamisha kichwa, kama mtu anayeitwa na jirani. Akatabasamu.

"Nimeshika," akasema.

Akaketi.

Acidri akampigia makofi. "Simama, mama, endelea!" Hakusimama. Wanaume wawili walimvuta mikono. Hakuinuka hata upana wa kidole. Mikono yake ikaanza kupanga kitu ambacho hakikuwapo, kimoja juu ya kingine, kwa uangalifu. Kisha akawa anafukuza nzi. Hakukuwa na nzi.

Nilimkaribia. Pumzi yake ilinuka samaki.

"Nora," Acidri akasema, akitokwa jasho, "wewe iko najua maneno yote. Vaa nguo."

Nilivaa. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijitazama kwenye kioo, na nyuma yangu Kevina alikuwa bado akipanga.

Dede alifika saa tisa, mapema, amevaa gomesi yake ya kanisani. Alisimama mlangoni muda mrefu. Tangu wahamishwe hakuwahi kukanyaga humo. Alimtazama Kevina, akanitazama mimi.

"Nani alifundisha huyu mtoto kujibu?"

Nilifunga kifungo kilichokuwa kimefungwa tayari.

Hakuuliza tena. "Si yeye alikuwa anaitwa," alinong'ona. "Ni mimi. Niliondoka bila kurudisha pahali ya Susana." Akapanda jukwaani, polepole, akamgusa Kevina bega.

"Nenda, mtoto wangu. Nimeshika."

Kevina akasimama. "Nimekawia?" akauliza. Dede alikuwa ameshaketi, ameikunja gomesi chini ya magoti.

Onyesho lilipoanza, watu walidhani Dede yumo kwenye mchezo. Niliigiza mbele yake saa nzima. Sikukosea neno. Walipiga makofi, wakapiga vigelegele, nami nikainama kuwashukuru, nikainama tena, kwa sababu sikutaka kugeuka.

Nilipogeuka hakuwapo.

Hakuna aliyemwona akitoka. Pale alipoketi palikuwa na beseni, kichwa chini, limelowa. Ukumbi hauna beseni. Polisi walilichukua. Chini yake pamebaki duara la chumvi. Nalipiga deki kila asubuhi, na kila asubuhi limerudi.

Sasa Acidri anaupeleka mchezo Koboko. Amemchagua Kevina. Anasema mimi nimekuwa mkavu. Nimeipiga pasi nguo ya kuigizia, nimemkunjia.

Sauti bado inaita mchana, nikifagia. Si ya Susana tena. Inaniita jina la nyumbani, kwa upole, kama Dede aliponifundisha kupika. Najua nikijibu, Dede atatoka. Najua pia kwamba Kevina ataondoka na gari la Jumanne, na mimi nitakuwa nimeketi.

Sijajibu.

Lakini leo asubuhi, kabla sijafika ukumbini, nilinawa uso, na chini ya kucha zangu kulikuwa na magamba ya samaki.