Kangomba ya Kadi

Mwizi aliacha droo ya hela, akaacha sukari, akaacha vocha za simu. Alichukua kitu kimoja tu: boksi la kadi.

Inspekta Raudha alisimama katikati ya duka la Getruda, Nachingwea mjini, akitazama bati la nyuma lililong'olewa. Misumari ilikuwa imetolewa taratibu na kuwekwa pembeni. Askari wa alama za vidole alitikisa kichwa.

"Alivaa glovu, afande."

"Boksi ulikuwa umelifungua?" Raudha alimuuliza Getruda.

"Hata gundi sijaibandua. Niliwaahidi watu nitalifungua mbele yao leo asubuhi, kila mtu pakiti moja, walanguzi wasipate kitu. Sasa ona."

Nje kulikuwa na foleni: bodaboda, walimu, muuguzi aliyetoka zamu akiwa bado na sare. Wote walikuwa wamefuata Kadi za Dimbani, zile zenye picha za wanasoka. Tangu masika zilikuwa zimeadimika kusini nzima. Aliyebaki nazo ni Mikidadi wa Ruangwa, na kwake pakiti moja ilifika bei ya kuku.

"Tunauliza nini wakati mwizi tunamjua?" sauti ilisema kwenye foleni. "Ni Mikidadi. Katulangua vya kutosha, sasa kaamua kuiba kabisa."

Aliyesema alikuwa Dickson, fundi simu, mwenyekiti wa chama cha wakusanya kadi. Alikuwa akirekodi kila kitu, simu juu. Ndani ya kava la simu hiyo, la plastiki angavu, mlikuwa na kipande cha karatasi ngumu cha kijani. Vijana wengi huweka humo picha za wachumba. Raudha alikiona, akapita.

"Afande," Konstebo Faridi alimnong'oneza, "kuna bodaboda zimeshaondoka kwenda Ruangwa. Zimebeba petroli, na si ya kuendeshea."

"Washa gari."

Walimkuta Mikidadi amejifungia ndani ya fremu yake ya duka karibu na stendi. Meza yake ya nje ilikuwa imebaki majivu. Watu walikuwa wanaupiga mlango mateke.

Raudha alinyoosha mkono. "Mwenye kiberiti anipe. Asiyetaka kunipa, apande gari langu. Nafasi ipo."

Kiberiti kilitolewa. Watu walivuka barabara, wakasimama upande wa pili. Hawakuondoka.

Ndani, Mikidadi alikuwa anatoka jasho, ila mdomo wake ulikuwa mzima.

"Afande, mimi mlanguzi. Mwizi siyo."

"Mlanguzi ni mwizi aliyeoga. Boksi liko wapi?"

"Pekua."

Faridi alipekua. Alipata pakiti chache chini ya godoro. Raudha alichana moja, akazimwaga kadi mezani.

"Unaona migongo?" Mikidadi aliuliza. "Myekundu. Hilo ni toleo la kwanza. Mzigo wa Getruda ni toleo la pili, mgongo wa kijani." Alifungua simu. "Hii picha nimetumiwa na wakala wa Mtwara. Boksi la kwanza kuja huku ndilo hilo. Mtu wa Nachingwea au Ruangwa hajawahi kuishika kadi ya kijani."

Raudha aliitazama picha ile muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Na ningekuwa nimeiba mimi," Mikidadi aliendelea, "ungeniona nauza muda huu. Bidhaa adimu hailazwi."

"Basi kwa nini aliyeiba hauzi?"

"Labda hataki ziuzwe." Mikidadi alifuta jasho. "Toleo la pili limechapa upya kadi ya Kipa wa Dhahabu, ile ghali kuliko zote, tena kwa wingi. Boksi likifunguliwa mbele za watu, Kipa wa zamani anashuka bei siku hiyohiyo, kama korosho za mwaka jana msimu mpya ukifika. Mimi Kipa wote nimeshauza. Atakayelia ni aliyewanunua."

"Nani?"

"Mteja ni siri, afande."

Raudha alichungulia dirishani. "Wale pale nje hawana siri. Wana petroli."

Mikidadi naye alichungulia.

"Dickson wenu. Mchana ananitukana, jioni anakuja kununua. Ana Kipa kabati zima."

Walirudi Nachingwea, Mikidadi amelala chini ya viti vya nyuma hadi walipoupita mji. Kituoni Raudha alimketisha kwenye benchi la korido, halafu akaagiza Dickson aitwe aje kutoa maelezo kama shahidi.

Dickson alikuja haraka, amechomekea. Aliweka simu mezani, kioo juu.

"Mmemkamata, afande? Chama kinawapongeza."

"Yuko hapo koridoni. Nipe namba yako, mwenyekiti, nisije nikakutafuta mji mzima."

Alimtajia. Raudha akabonyeza. Simu ya Dickson ikaanza kuita pale pale mezani.

"Ni wewe unapiga, afande."

"Najua. Pokea."

Dickson alicheka kidogo, akaiinua simu hadi sikioni. Kava likamwelekea Raudha. Kijani.

"Huko nyuma umeweka nini?" Raudha alimuuliza kupitia simu.

"Kadi tu, afande. Ya kawaida."

"Za kawaida zina mgongo mwekundu."

Kicheko kilikatika. Dickson alibaki na simu sikioni, kana kwamba bado anasubiri kuambiwa kitu.

Raudha alikata simu, akavuta kiti. "Kuanzia sasa wewe ni mtuhumiwa, na haya ni maelezo ya onyo. Hulazimiki kusema lolote. Ukisema, litaandikwa na litasomwa mahakamani. Boksi liko wapi?"

"Limeungua."

"Wapi?"

"Ruponda, shambani kwa mama. Wakati huu kila mtu anachoma majani chini ya mikorosho. Nani angeuliza moshi?"

"Kisha ukarudi kupanga foleni."

"Ndiyo."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna." Sauti ilishuka. "Afande, niliuza korosho za mama. Kangomba. Hata maua mikorosho haijatoa. Mwenye hela alinipa nusu ya thamani, na msimu ukifika atakuja kuzibeba. Hela yote nikanunulia Kipa. Kuna mtu wa Dar alisema atawachukua wote wiki ijayo. Ningerudisha hela ya watu kabla mama hajajua. Halafu Getruda akatangaza boksi."

"Mama anajua nini?"

"Hajui kitu. Anapalilia."

Raudha alimwangalia. Nyumbani naye alikuwa na mtoto wa umri huo, anayejua kusema atarudisha.

"Uliwaambia watu ni Mikidadi. Walimfuata na petroli. Tungechelewa kidogo ungekuwa unaandikisha maelezo ya mauaji, si ya kadi."

Dickson aliirudisha simu mezani, kava juu.

"Umechoma boksi zima. Hii moja ukaiacha kwa nini?"

Dickson aliitoa kadi kwenye kava, akaigeuza. Kijana mwembamba mwenye jezi ya buluu alikuwa anacheka, meno ya mbele yameachana.

"Bonifasi," Dickson alisema. "Wa Ruponda. Tulikaa dawati moja. Ndiyo mara ya kwanza wanamtoa kwenye kadi. Nilizichana pakiti zote nione tu, nikamkuta. Nikamtupa motoni, nikamtoa." Alionyesha ncha ya kadi iliyobabuka, kisha vidole vyake. "Mkono ulikataa."

Raudha aliitia kadi kwenye mfuko wa vielelezo.

"Mama yangu nani atamwambia?"

"Wewe. Faridi atakupeleka akaoneshwe majivu. Utamwambia mbele ya mikorosho yake, kwa mdomo wako huohuo uliomtaja Mikidadi."

Koridoni Mikidadi alisimama. Alikuwa amesikia.

"Umeachiwa. Foleni ya Getruda inaambiwa ukweli, na Ruangwa wanapigiwa simu sasa hivi. Nenda."

Hakwenda. Alikuwa anautazama ule mfuko.

"Afande, kwa hiyo kusini nzima kadi ya kijani imebaki moja? Kesi ikiisha, hicho kielelezo huwa—"

"Mikidadi."

"Nauliza tu."

"Kiberiti cha Ruangwa bado ninacho mfukoni. Toka."